Barabara Yetu Haina Jina

Njia ya Posta 2, Sanduku 118
Cane Fork, Kaunti ya Talloway, Alabama
9 Machi 1992

Kaka Lucious,

Mama amesema tuandikiane. Kwenye simu, anasema, mimi na wewe tunabweka kama mbwa wawili wa pande mbili za uzio, na anayefaidi ni kampuni ya simu. Kwenye barua angalau mtu analazimika kumsubiri mwenzake amalize. Basi nimekaa hapa jikoni naandika, naye yuko barazani ananisikiliza kama naandika kweli.

Habari yenyewe ni hii. Kaunti imeamua kila barabara iwe na jina na kila nyumba namba, hata huku kwetu kwenye vumbi, ili mtu akipiga simu ya dharura gari la wagonjwa lijue pa kwenda. Unajua tunavyoelekezana sisi. Pita pale palipokuwa na duka la Pettus, kata kushoto kwenye kinu cha pamba kilichoungua, ukifika ulipokuwa mwaloni wa Bi Lula umefika. Duka hakuna, kinu hakuna, mwaloni ulikatwa, Bi Lula mwenyewe tulishamzika, na bado watu wanafika kanisani kila Jumapili. Lakini dereva wa gari la wagonjwa si muumini wa kanisa letu la Pisga.

Na sisi tunalihitaji gari hilo, Lucious. Daktari wa mjini Harlow ameniambia waziwazi kwamba moyo wa Mama ukimshika tena, kitakachomuua si moyo, ni kuchelewa.

Bwana Crum wa kaunti anataka wenye ardhi wote wa barabara hii wakubaliane jina moja na kutia sahihi. Nyumba ni tano tu, lakini kwa kuwa Baba alikufa bila wosia, ardhi ni yetu sote watatu, kwa hiyo na sahihi yako inatakiwa. Tulitaka Barabara ya Pisga. Imekataliwa. Barabara za Pisga ziko nne tayari ndani ya kaunti hii. Cane Fork nayo imeshachukuliwa na ile ya lami. Mimi nimependekeza Barabara ya Mipichi. Najua kuna mpichi mmoja tu na wenyewe hauzai, lakini haujamuudhi mtu.

Weka sahihi ulete. Mama anakusalimu, anauliza kama bado unakula vyakula vya makopo.

Dada yako,
Verdell

*

Flint, Michigan
20 Machi 1992

Verdell,

Mipichi? Barabara aliyoichimba Baba yetu kwa mikono yake, wewe unataka kuipa jina la mti usiozaa?

Labda umesahau kwa sababu ulikuwa hujazaliwa. Na mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini nilikaa nikamsikiliza. Kaunti hiyohiyo inayotoa majina leo haikuwa na habari na watu weusi wa Cane Fork. Watoto walikuwa wakipita kwenye tope la magotini kwenda shule. Prentiss Battle ndiye aliyesema basi, akaingia na sururu na nyumbu wa plau, baridi kali, mpaka akaitoa njia kutoka kwenye nyumba yetu hadi barabara kuu. Hakulipwa hata soda. Sasa kaunti inataka jina, nasi tunalo.

Barabara ya Prentiss Battle. Jina zima, herufi kubwa. Sitii sahihi kwenye lingine lolote.

Wasomee hili kwenye mkutano wa wenye ardhi kama nilivyoandika, usilipunguze makali. Waambie pia majirani zetu Watolliver, kabla hawajaanza yao, kwamba Watolliver hawajawahi kujenga kitu Cane Fork isipokuwa uzio.

Mwambie Mama makopo nimeacha. Karibu yote.

Kaka yako,
Lucious

*

Cane Fork
6 Aprili 1992

Lucious,

Mkutano ulikuwa jana baada ya ibada. Nakueleza ulivyokuwa ili ujue ulichokifanya.

Nilisema habari za Baba kwanza, kwa maneno yangu. Bi Odessa Tolliver akasimama, na kofia yake ile ya manyoya, akasema: "Sikatai. Prentiss alileta mikono. Lakini wale nyumbu walikuwa wa baba yangu, na nusu ya ardhi inakopita njia ni ya baba yangu. Nyumbu hawakujiendesha wenyewe, sawa, ila na Prentiss naye hakujifunga plau shingoni!"

Watu wakacheka. Mama akacheka mpaka akakohoa. Mzee Mosely, ambaye hajasema kitu mkutanoni tangu mkewe afariki, akasema, "Basi tuiite Barabara ya Nyumbu, maana ndio waliofanya kazi na hawajadai kitu." Lucious, nakuapia, mikono ilianza kupanda. Bi Odessa mwenyewe aliinua wake nusu. Tulikuwa tumemaliza.

Ndipo Mama akasema, kwa kuwa ni mtu wa haki, "Verdell, soma na barua ya kaka yako, naye ni mwenye ardhi." Nikasoma. Nilitaka kuuruka ule mstari wa uzio, lakini Mama alikuwa ameshausoma nyumbani na alikuwa ananitazama.

Bi Odessa alichukua pai lake la viazi vitamu kutoka mezani, ambalo lilikuwa halijakatwa, akatoka nalo. Wagaines wakamfuata kwa sababu ni shemeji zake. Sasa anataka Barabara ya Tolliver na hasikii la mchungaji wala la shemasi. Alikuwa ameinua mkono, Lucious! Kwa ajili ya nyumbu!

Bwana Crum amesema tukishindwa kukubaliana kufikia mwisho wa Mei, tutawekwa nyuma ya barabara zote za kaunti, na hajui zamu yetu itafika lini. Nimechoka. Andika kwamba unakubali Nyumbu, nami nitaenda kwa Bi Odessa kumwomba radhi kwa niaba yako, magoti chini ikibidi.

Verdell

*

Flint
18 Aprili 1992

Verdell,

Umefanya vizuri kusoma.

Nyumbu siwezi. Hebu fikiria vijana wa Harlow wakipita wanacheka, hawa ndio watu wa Nyumbu. Baba hakufa ili awe kichekesho cha njiani. Na hiyo habari kwamba nyumbu walikuwa wa Tolliver, hata kama ni kweli, aliyeazimisha nyumbu ndiye mwenye njia? Mtu akikuazima sufuria, mchuzi unakuwa wake?

Nimemwandikia Bwana Crum mwenyewe. Nimemweleza kwamba mimi ni mtoto wa kwanza wa Prentiss Battle na kwamba bila sahihi yangu hapana jina litakalopita. Amenijibu kwa adabu kwamba ni kweli. Kwa hiyo tulia. Wakiona hatuyumbi, watachoka wao.

Mwaka huu nakuja Jumapili ya Kurudi Nyumbani ya kanisa, ile ya tatu ya Agosti. Najua nimesema hivyo miaka mingine, lakini safari hii nimeomba likizo mapema kiwandani. Nitapiga picha na Mama chini ya kibao cha jina la Baba. Mwambie aandae kuku wake.

Lucious

*

Hospitali, Harlow
12 Mei 1992

Lucious,

Juzi ulipopokea simu, nikakwambia Mama yuko hospitali na gari lilikwenda kwenye kinu kisicho chetu, na neno lako la kwanza likawa, "Ilikuwaje ukasema kinu?" Ndiyo maana nilikukatia. Sasa nitaandika, nawe utasubiri nimalize, kama alivyotaka.

Ijumaa mchana alikuwa barazani anapukuchua maharage. Nikasikia bakuli limeanguka. Nilipotoka alikuwa ameshika kifua na midomo imekuwa ya majivu. Nikapiga simu ya dharura. Binti aliyepokea akaniuliza, "Barabara gani?" Nikamwambia haina jina. Akauliza tena, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, "Bibie, mko barabara gani?" Nikachanganyikiwa. Nikasema lile tunalosema maisha yetu yote, kata kushoto kwenye kinu kilichoungua. Akasema sawa, gari linakuja.

Na gari lilikuja, Lucious. Lilikwenda kwenye kinu kilichoungua cha Bledsoe, ng'ambo ya mto, kwa sababu dereva ni mtu wa kusini mwa kaunti na kwao kinu kilichoungua ni hicho. Likakata kushoto likaingia kwenye shamba la mtu. Sisi huku tunasubiri. Nilikuwa nimempakata Mama sakafuni nasikiliza king'ora, na king'ora nilikisikia kabisa, kule mbali, kikizunguka, kikipotea.

Nilipiga kelele. Bi Odessa Tolliver, ambaye hajatusalimu tangu siku ya pai, alizisikia kelele zangu akiwa bustanini. Alikimbia kwanza hadi barabara kuu, akasimama katikati ya lami akipunga kitambaa cha meza, akitegemea gari lipite. Halikupita. Akarudi mbio, mwanamke wa miaka sabini na kitu, akaleta pikapu yao mpaka kwenye ngazi zetu. Tukampakia Mama katikati yetu. Njia nzima aliendesha mkono mmoja, mwingine ameushika mkono wa Mama, akimwambia, "Arzula, usithubutu. Nasema usithubutu, bado hatujamaliza ugomvi wetu."

Mama yu hai. Daktari anasema moyo umepoteza sehemu ambayo hautaipata tena. Anasema angefika mapema kidogo ingekuwa habari nyingine.

Nina hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo na mtu. Nina hasira na mimi pia, kwamba nilisoma ule mstari. Tulikuwa na jina mkononi. Tungekuwa na kibao. Ningemwambia yule binti, "Barabara ya Nyumbu," jina moja tu, hata kama angecheka.

Sina salamu.

Verdell

*

Flint
19 Mei 1992

Verdell,

Nimeisoma. Sijalala vizuri tangu ile simu, kama hilo litakufurahisha.

Naomba radhi kwa lile neno la kwanza. Mtu akishtuka husema upuuzi. Lakini sikubali kwamba ni mimi niliyelipoteza lile gari. Zamani dereva yeyote wa Talloway ungemwambia kinu kilichoungua angejua ni kile cha kwetu. Cha Bledsoe kilikuja kuungua baadaye sana, na wala hakikuungua chote. Kosa ni la kaunti kuajiri watu wasiojua kwao.

Mpe Odessa shukrani zangu. Ziseme vizuri. Alilofanya ni kubwa na sitalisahau. Lakini shukrani ni shukrani, na barabara ni barabara. Ukimlipa mtu fadhila kwa jina la baba yako, utabaki na nini? Mimi huku nimetengeneza milango ya magari miaka yote hii, na hapana kitu popote duniani kilichoandikwa Battle isipokuwa kadi yangu ya kiwandani na lile jiwe la kaburi. Nataka kimoja zaidi. Sioni kama ni kingi.

Agosti nakuja. Mwambie Mama anisubiri.

Lucious

*

Cane Fork
1 Juni 1992

Mwanangu Lucious,

Verdell alitaka niseme yeye aandike, nimekataa. Herufi zinayumba kidogo, lakini kichwa hakiyumbi.

Nimerudi nyumbani. Nakula mchuzi usio na chumvi, yaani maji ya moto yaliyopita karibu na kuku. Nitaishi.

Ijumaa iliyopita nilimwambia Odessa anipeleke Harlow, kwenye mahakama ya kaunti. Yule Bwana Crum nilimpikia chakula cha shule tangu ana meno ya utoto, na bado akiniona husimama wima. Nikamwuliza, "Sheria yako inasema sahihi ya mwenye ardhi, au ya anayeishi?" Akaanza kuniletea karatasi. Nikamwambia, "Mwanangu, weka karatasi chini. Moyo ni wangu, na wewe gari lako lilikwenda kumchukua nani kule kwa Bledsoe, ng'ombe?" Akaweka karatasi chini, akasema kwamba kwa sababu ya hali ya ugonjwa anaweza kupitisha kwa sahihi za wakaaji. Basi wakaaji tumesaini. Barabara ya Tolliver. Kibao kinakuja baada ya sikukuu ya Julai.

Odessa hakuniomba. Nataka ulijue hilo. Yeye njiani alisema, "Arzula, hata Nyumbu sasa naona ni zuri." Mimi ndiye niliyekataa.

Sasa nisikilize. Baba yako nilimjua kuliko wewe. Nililala naye, nikamzika. Alichimba ile njia kwa sababu dada yake mdogo alikuwa anafika shule na miguu iliyoganda, wala hakuichimba ili aitwe. Mara moja tu nilimsikia akisema habari za jina. Mhubiri alitaka kumsifu mbele ya kanisa, baba yako akasema, "Kaka mchungaji, njia ni ya anayeipita."

Wewe hujaipita miaka kumi na moja. Odessa aliipita na pikapu yake, analia kwenye usukani. Nimeipa barabara jina la yule aliyekuja.

Sikuandikii haya ili nikupige. Nakuandikia kwa sababu nimeuona mlango wa upande ule wa pili, na nilipokuwa pale sikuwaza jina la mtu kwenye nguzo. Nilikuwaza wewe, kwamba sijui sasa una mvi kiasi gani.

Njoo Agosti. Kuku atakuwepo, chumvi yako nitakuwekea pembeni.

Mama yako,
Arzula Battle

*

Flint
14 Juni 1992

Mama,

Barua imefika. Imeniuma, sitakudanganya. Ungeniuliza kwanza, hata kama jibu ulilijua.

Lakini nimesema nakuja, na nitakuja. Jumamosi ile ya kabla ya Jumapili ya tatu, mchana. Mvi ni nyingi.

Mwanao,
Lucious

*

Nyumba 310, Barabara ya Tolliver
Cane Fork, Kaunti ya Talloway, Alabama
19 Agosti 1992

Kaka Lucious,

Nimejaribu simu yako tangu Jumapili jioni na huipokei. Basi nimerudi kwenye kalamu.

Usiniandikie kwamba likizo ilifutwa. Bi Odessa alikuona. Jumamosi mchana alikuwa anachuma bamia kule mwisho wa bustani yake, penye barabara kuu, na gari la buluu la Michigan likaja polepole, likasimama kwenye kona yetu. Anasema ulishuka. Ulivua kofia. Ulisimama chini ya kibao ukakisoma kama mtu anayesoma barua ya mahakama, halafu ukaweka kiganja kwenye nguzo, ukabaki hivyo kitambo. Alikuita. "Lucious! We Lucious wa Arzula!" Anasema ulimsikia, kwa sababu uligeuza kichwa. Kisha ukaingia ndani ya gari, ukarudi ulikotoka.

Ulitoka Michigan mpaka Alabama, Lucious. Mpaka kwenye nguzo! Kutoka hapo mpaka barazani kwa Mama hata sigara haiishi.

Nilikuwa jikoni. Mama alikuwa kwenye kiti chake tangu asubuhi, amevaa gauni la buluu, amekataza mtu kumkalia mbele. Tangu walipokata misonobari, kona yote inaonekana kutoka hapo barazani. Akaniita, akaniuliza, "Gari gani lile?" Nikatoka, nikaona vumbi tu. Bi Odessa alikuwa anakuja mbio na bamia kwenye aproni, nikamfanyia ishara anyamaze. Nikamwambia Mama kwamba ni muuza bima.

Akanitazama. Akasema, "Muuza bima gani anayeivulia nguzo kofia?" Nikarudi jikoni.

Jumapili tulikula uwanjani kanisani kama kawaida. Alikuwekea sahani, paja la kuku, mkate wa mahindi, na chumvi yako pembeni kwenye karatasi. Mtoto wa Wagaines akataka kukaa pale, Mama akamwambia pana mwenyewe. Tulipokunja meza aliifunika ile sahani kwa kitambaa, akairudisha nyumbani mapajani.

Jana Bi Odessa alikuja na msumeno. Sitanii. Aliusimamisha kwenye ngazi, analia, anasema, "Kama ni kile kibao kinachomzuia mtoto wa Arzula, nakwenda kukikata sasa hivi, na Crum aje anifunge." Nilimwambia akikate. Ndiyo, nilimwambia, kwa sababu nimechoka, na kama gharama ya kukuona wewe barazani ni nguzo moja, mimi ningeikata kwa meno.

Mama ndiye aliyekataa. Hakuinua hata sauti. Alisema, "Odessa, rudisha msumeno. Wiki iliyopita lile gari la wagonjwa lilikuja kujaribu njia, likafika hapa moja kwa moja, dereva hakumwuliza mtu. Kibao ni cha kuniletea watu nisiowajua. Mwanangu anapajua kwao."

Kisha akaomba aingizwe ndani, akalala na gauni lake.

Daktari amekuja leo asubuhi. Hakuniambia zimebaki siku ngapi, nami sikumwuliza, lakini alinishika bega alipokuwa anaondoka, na madaktari wa Harlow si watu wa kushika bega.

Bado nina hasira na wewe. Nitakuwa nayo ukifika na nitakuwa nayo ukiwa unakula. Hilo lisikuzuie. Usisubiri kunijibu, wala usitengeneze maneno ya kumwambia. Washa gari. Ukifika pale kwenye kona huna haja ya kusoma kitu. Kata kushoto tu.

Verdell